Toroli

Jaribio la mia nne na kumi na mbili:
mwanga ulichungulia, ukaona baridi yetu, ukarudi.
Milisekunde sita. Kope ya mtu hupepesa kwa mia.
Sailau akaandika daftarini "haikushika",
neno lile lile tangu Jumatatu;
kalamu yake sasa inaliandika bila yeye.

Nje, mto Irtishi umeganda hadi unabeba malori,
na nyika nyeupe haina hata kichaka
cha kukuonyesha upepo unatoka wapi.
Ndani tunatafuta joto la digrii milioni,
nasi tumevaa makoti.

Mimi ni mtu wa pampu. Kazi yangu ni utupu.
Wengine hujisifu kwa walichojenga,
mimi kwa nilichotoa:
hewa, mvuke, jasho la vidole vya fundi wa mwaka juzi
lililojificha ndani ya chuma kama deni.
Juma zima nimeioka bangili ile kubwa
mpaka kuta zake zikasahau maji.
Kisha napuliza pumzi moja ya haidrojeni nzito,
kidogo, kidogo kuliko kidogo.
Ikizidi, inasongwa. Ikipungua,
hakuna wa kumgonga mwenziwe.

Maana huanza hivyo, kwa kugongana.
Koili ya katikati inaubadilisha mkondo wake ghafla
na ndani ya utupu, pasipo waya, unazuka msukumo
wa volti sita. Sita!
Betri ya gari la Sailau ina kumi na mbili,
na asubuhi hii haikuwasha kitu.
Elektroni moja yatima inatimua mbio kuizunguka pete,
inaikumba atomu, inaipokonya mwana,
mbili zinakuwa nne, nne nane,
kama umbea:
hujui nani alianza, unajua tu kwamba mtaa mzima umeshasikia.

Ila umbea unataka njia ndefu.
Mstari wa sumaku ukipinda unywele mmoja
mbio zote zinaishia ukutani.

Galina Fyodorovna, miaka thelathini na minane kazini,
hakuitazama skrini.
Alingoja sumaku zizimwe, akashuka na dira ya mfukoni,
ile ya kuokotea uyoga msituni,
akaizunguka mashine polepole kama anayetafuta hereni.
Upande wa kaskazini sindano ikageuka kabisa.
Chini ya koili: toroli la chuma la mpaka rangi,
makopo mawili, glavu moja.

"Nani?"

Hakuna aliyejibu.
Nililisukuma mimi Jumamosi, niifikie vali,
nikaenda kunywa chai.

Jaribio la mia nne na kumi na tisa.
Mwanga wa waridi ukashika, ukayumba;
oksijeni iliyosalia ikaanza kulila joto kwa pupa
na sote tukaegemea mbele, kana kwamba kuegemea kunasaidia.
Ukafifia.
Halafu ukavuka.
Ampea elfu kumi. Elfu arobaini. Elfu tisini,
na mkondo ukajifunga kibwebwe
cha sumaku yake wenyewe.
Robo sekunde. Sailau aliinua kalamu
akakosa neno.

Nyumbani mama alinimiminia chai ya maziwa.
Alipokuwa na miaka sita walimu waliwalaza mtaroni,
nyuso chini, msitazame,
naye akatazama. Hasimulii aliona nini.
Huuliza tu maswali ya jikoni.
"Huo wenu, mkifungua mlango, hufanya nini?"
"Huzimika, mama. Hata ukipiga chafya huzimika."
Akakoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari.
"Ule wetu," akasema, "haukubembelezwa na mtu."

Habari ya toroli sikumwambia.
Nilitoka barazani kukung'uta viatu
na kule chini Sailau, taa ya simu mdomoni,
alikuwa ameinamia gari lake,
akijaribu tena.